Predi, deksa, sindano ya goti, pampu au tyubu: steroidi ipi, kwa ugonjwa gani, kwa siku ngapi

Kuna makundi mawili ya dawa za uvimbe yanayochanganywa kila siku kwenye maduka ya dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu na uvimbe, lakini si homoni. Prednisoloni (predi), deksamethasoni (deksa), haidrokotisoni, betamethasoni na ndugu zao ni steroidi, yaani nakala za homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe, hasa kuelekea alfajiri: kotisoli, inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Wala steroidi hizi si zile za wanyanyua vyuma. Jina la ukoo ni moja, kazi ni tofauti kabisa.

Tofauti ya makundi haya mawili inaeleza karibu kila kitu kitakachofuata. Diklofenaki inazuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali za maumivu, basi. Steroidi inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuzima maagizo mengi ya uvimbe kwa mpigo, ndiyo maana inafanikiwa pale dawa nyingine zinaposhindwa. Lakini vipokezi vya kotisoli vipo karibu kila mahali mwilini: kwenye mfupa, ini, ubongo, ngozi, jicho. Kidonge hakijui kwamba wewe unaumwa goti tu.

Hilo lilionekana mapema. Septemba 1948, katika Mayo Clinic ya Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni, ndugu wa kotisoli, mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akainuka na kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Haikuchukua muda madaktari wakaanza kuona upande wa pili: nyuso kuvimba, sukari kupanda, akili kuvurugika, na ugonjwa kurudi kwa kishindo dawa ikisimamishwa.

Kwa hiyo anayeuliza kama steroidi ni nzuri au mbaya, mimi humrudishia maswali matatu: inaingia mwilini kwa njia gani, kwa dozi gani, na kwa siku ngapi? Dawa ileile inaweza kuwa salama kiasi cha kupewa mtoto mchanga, na inaweza kuvunja nyonga ya mtu mzima.

Vidonge: predi au deksa?

Huu ndio ulinganisho ambao watu wengi hawaufanyi, kwa sababu vidonge vyote viwili ni vidogo na bei yake si kubwa. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu sawa na takriban miligramu 20 za haidrokotisoni, miligramu 4 za methilprednisoloni, na miligramu 0.75 tu za deksamethasoni. Rudia kusoma hiyo namba ya mwisho. Anayeona kwenye boksi la deksa imeandikwa 0.5 hudhani ni dawa hafifu, kumbe vidonge viwili vinazidi prednisoloni ya miligramu 5. Na miligramu 5 za prednisoloni ni karibu sawa na kotisoli yote ambayo mwili wenye afya hujitengenezea kwa siku nzima.

Halafu kuna muda. Haidrokotisoni hufanya kazi kwa saa 8 hadi 12, prednisoloni saa 12 hadi 36, deksa inaweza kupita saa 36 na kuvuka hata siku mbili. Ukimeza prednisoloni mara moja asubuhi, tezi zako hupata nafasi ya kuzinduka alfajiri inayofuata. Deksa haizipi nafasi hiyo. Ndiyo maana kwa magonjwa ya wiki na miezi, kama baridi yabisi, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia yenyewe), au ugonjwa wa figo wa watoto unaovimbisha uso na miguu, chaguo la kawaida ni prednisoloni. Kwa mjamzito mwenye lupasi au pumu pia ni hiyo, kwa kuwa kondo la nyuma huivunja nguvu sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Deksa hupita. Wakati mwingine kupita huko ndiko kunakotakiwa: mama anayetishiwa na uchungu wa kabla ya wakati huchomwa deksa au betamethasoni hospitalini ili mapafu ya mtoto yakomae haraka.

Deksa ina mahali pake pengine: uvimbe wa ubongo, kichefuchefu cha tiba ya saratani, mtoto mwenye kikohozi kinachosikika kama mbwa anabweka, ambaye mara nyingi dozi moja humtosha. Na UVIKO. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulitangaza kwamba miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10, zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Waliokuwa wanapumua vizuri hawakufaidika na chochote. Watu wakasikia nusu ya kwanza ya habari wakakimbilia madukani.

Deksa ya kunenepa nayo niiseme hapa. Wapo wanaoimeza kutafuta hamu ya kula na mwili. Kinachoongezeka ni maji na mafuta, usoni, shingoni na tumboni. Mapaja na mikono vinapoteza misuli. Huo unene ni dalili ya sumu ya dawa, na anayesifiwa kwamba amenawiri huenda sukari yake haijapimwa mwaka mzima.

Siku ngapi ni nyingi?

Shambulio la pumu kwa mtu mzima hutibiwa kwa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, kisha mtu anaacha tu. Katika siku hizo usingizi unaweza kupaa, njaa ikazidi, sukari na presha zikapanda, na wengine hupata hasira zisizo na sababu. Mengi ya hayo huisha dawa ikiisha. Kozi ya namna hii haistahili hofu kubwa, na kumnyima mgonjwa wa pumu anayehema kwa shida ni kosa kubwa kuliko kumpa.

Baada ya wiki tatu hivi hesabu inabadilika. Tezi zimelala, na ukisimamisha dawa ghafla mwili unabaki bila kotisoli ya nje wala ya ndani: uchovu mzito, kichefuchefu, presha na sukari kushuka, kuzimia. Ikitokea malaria kali au upasuaji katika hali hiyo, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana dozi hushushwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari, na ndiyo maana hata daktari wa meno anapaswa kuambiwa kwamba unatumia, au ulitumia miezi ya karibuni.

Ikifika miezi, mifupa nayo imeingia. Upotevu wake huwa wa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, kwa hiyo kusubiri mpaka mgongo uume ndipo uanze kalsiamu na vitamini D ni kuchelewa. Mtoto wa jicho, presha ya jicho, ngozi nyepesi inayochubuka, kidonda kisichopona, mtoto kusimama kurefuka, kichwa cha mfupa wa nyonga kufa kwa kukosa damu: haya yote yanajulikana vizuri na yanategemea sana dozi na muda.

Jambo la saumu, kwa kuwa huulizwa kila mwaka: anayemeza prednisoloni mara moja kwa siku anaweza kuinywa wakati wa daku, pamoja na chakula. Anayemeza mara mbili au tatu azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Asijipunguzie mwenyewe.

Pumu: kuogopa pampu, kumeza kidonge

Hapa ndipo ninapotofautiana vikali na mazoea ya mitaani. Watu wanaogopa pampu kwamba itawazoesha, halafu kila mwezi wanameza predi ya kubanwa kifua. Linganisha. Mtu mzima anayetumia pampu ya beklometasoni kwa dozi ya chini anavuta maikrogramu 200 hadi 500 kwa siku, na dawa inatua kwenye njia ya hewa yenyewe. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni maikrogramu 5,000, na kinazunguka mwili mzima. Katika shambulio anameza vidonge vinane hadi kumi vya aina hiyo kwa siku. Tusijidanganye kwamba dawa hizi mbili zinalingana nguvu uzito kwa uzito, lakini tofauti ya kinachofika kwenye mifupa na macho ni kubwa mno.

Pampu ya bluu, salbutamoli, si steroidi. Inafungua njia ya hewa kwa saa chache na kuuacha uvimbe palepale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kupendekeza watu wazima na vijana watumie ya bluu peke yake. Kila mmoja anapaswa kupata na steroidi ya kuvuta. Ukihitaji vidonge mara mbili ndani ya mwaka, pumu yako haijadhibitiwa, na ongezeko la vidonge si jibu.

Madhara ya pampu ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Sukutua maji uteme baada ya kuvuta. Tumia na chemba, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo wako. Ukikosa ya kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafanya kazi, na jambo hilo limefanyiwa utafiti Afrika Kusini. Tahadhari moja ni nzito: anayetumia ARV zenye ritonaviri asitumie pampu ya budesonidi au flutikasoni bila daktari wake kujua. Ritonaviri inazuia ini kuivunja steroidi, ikalundikana damuni kana kwamba mtu anameza vidonge. Beklometasoni ndiyo salama zaidi kwake.

Goti na jongo

Sindano ya ndani ya kiungo, kwa kawaida triamsinoloni au methilprednisoloni, ina mantiki nzuri: dawa inawekwa palipo na ugonjwa. Kwa baridi yabisi iliyolipuka kwenye kiungo kimoja, au jongo la goti moja, naipendelea kuliko wiki za vidonge.

Kwa goti lililolika kwa umri siipendelei kama desturi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 140 wenye magoti ya namna hiyo, wengine wakichomwa triamsinoloni na wengine maji ya chumvi, kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Mwishoni maumivu yalikuwa hayatofautiani, ila gegedu za waliochomwa steroidi zilikuwa zimepungua zaidi. Sindano moja ya kumwezesha mzee kuanza mazoezi ya mapaja, sawa. Kadi ya kila robo mwaka, hapana. Goti lenye joto kali na homa lisichomwe kabisa kabla majimaji yake hayajapimwa, maana likiwa na bakteria utakuwa umewafungulia geti. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa.

Sindano ya takoni ya steroidi inayokaa muda mrefu, ile ya "ukichomwa mwezi mzima huumwi", ndiyo nisiyoipenda kuliko zote kwa maumivu ya mwili. Kidonge kikikuletea shida unaweza kukishusha. Sindano ile ikishaingia kwenye msuli haitolewi.

Jongo linatoa ulinganisho mzuri wa makundi yale mawili. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walilinganisha prednisoloni miligramu 35 kwa siku na naproksini, ndugu wa diklofenaki, kwa siku 5, na matokeo yakawa sawa. Kwa hiyo anayeamua ni mgonjwa, si jongo. Mwenye figo dhaifu, moyo mbovu au vidonda vya tumbo, prednisoloni kwa siku chache ina nafuu kwake. Mwenye kisukari kisichodhibitika lakini figo nzima, huenda naproksini. Kuzimeza zote mbili kwa pamoja, kama vifuko vingi vya "dawa ya viungo" vinavyofungwa, ni njia ya haraka ya kutokwa damu tumboni.

Tyubu

Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu, betamethasoni ya asilimia 0.1 ni kali, klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kuliko zote. Asilimia inadanganya: klobetasoli ina namba ndogo kabisa na ndiyo yenye nguvu kubwa kabisa. Kwa ukurutu wa usoni, kwapani, kwenye kinena au kwa mtoto, haidrokotisoni. Kwa kiwiko au mguu uliokauka na kunenepa kwa kujikuna, betamethasoni kwa siku chache. Klobetasoli ni ya viganja, nyayo na magonjwa magumu, isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na kwa maelekezo ya aliyekuona. Kipimo cha kupaka ni rahisi: mstari wa krimu kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha shahada unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Wanaouza mkorogo wanaijua klobetasoli vizuri kuliko wagonjwa wa ngozi. Inachubua, ndiyo, na inaacha michirizi, chunusi, mishipa inayoonekana, na uso unaowaka moto siku ukiacha. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi inaingia damuni na kulaza tezi kama kidonge.

Krimu za mchanganyiko, betamethasoni pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja, huonekana ni akili nzuri. Zikipakwa kwenye choa, muwasho unakata siku ya pili huku fangasi wakitambaa kwa raha, na ile duara iliyokuwa ikimtambulisha choa inapotea, hata daktari hamjui tena. Choa kitibiwe kwa dawa ya fangasi tupu.

Matone ya macho yenye steroidi sitayalinganisha na kitu. Mtoto mwenye macho yanayowasha kwa aleji akiyapenda matone hayo na kuyatumia miezi, presha ya jicho hupanda bila maumivu, na uoni uliokwenda haurudi. Jicho lililochomwa na jani la mahindi likiwekewa steroidi, fangasi wanaweza kulimaliza. Mwenye kifaa cha kulitazama jicho ndiye pekee wa kuyaandika.

Mambo ya mazingira yetu

Vijitabu vya ndani ya maboksi vimeandikwa kwa watu ambao hawatembei peku shambani. Kuna minyoo midogo, strongiloidi, inayopenya ngozi ya mguu na kuweza kuishi tumboni miongo mingi bila dalili. Mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi ya dozi kubwa, minyoo huzaliana bila kizuizi na kusambaa mapafuni na kwingineko, wengi hufariki. Dawa yake ni ivermektini, na ni haki yako kumuuliza daktari kama uinywe kabla ya kuanza kozi ndefu. Albendazoli ya dozi moja ya shuleni haitoshi kwa hilo.

Kifua kikuu kilicholala huamka. Homa ya ini B vilevile, na kipimo chake ni cha damu tu. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, dawa hiyo hupunguza prednisoloni damuni kwa karibu nusu, hivyo dozi iliyomtosha jana haimtoshi. Tetekuwanga na surua kwa mtu aliye kwenye steroidi si magonjwa ya kusubiri nyumbani.

Na unga wa mitishamba wa viungo unaoponya ndani ya siku mbili ushukiwe. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama lishe ya viungo: ndani yake mlikutwa deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mti haukuponyi baridi yabisi kwa usiku mmoja. Kama umekitumia kitu cha namna hiyo kwa miezi na uso umeanza kuvimba, usikiache ghafla. Nenda nacho hospitali. Na kwenye boksi lolote, jina la Kizungu linaloishia na -sone, -lone au -nide lina uwezekano mkubwa wa kuwa steroidi.

Kama ugonjwa wenyewe hauishi

Kwa baridi yabisi prednisoloni ni daraja. Miongozo ya Ulaya ya 2022 inataka ipunguzwe na kuachwa mapema iwezekanavyo, huku dawa ya kuudhibiti ugonjwa wenyewe, kwa kawaida methotreksati, ikianza kazi, jambo linalochukua wiki kadhaa. Kwa lupasi ni haidroksiklorokwini. Mgonjwa anayepewa prednisoloni peke yake mwaka wa pili sasa ana sababu ya kuomba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya viungo.

Methotreksati ina masharti yake: vipimo vya damu na ini, asidi ya foliki, na mjamzito asiiguse. Zaidi ya yote, inamezwa mara moja kwa wiki. Kumeza kila siku kumeua watu. Chagua siku, tuseme Jumatatu, na mwombe mfamasia aiandike juu ya boksi kwa herufi kubwa.